Distributa hairekebishi jino la mkanda: taimingi baada ya kubadilisha sili za valvu

Swali: "Fundi, salaam. Nina Toyota Carina Ti yenye injini ya 5A-FE. Ninaishi Moshi, na kazi hunipeleka Arusha mara mbili kwa wiki. Mwaka huu gari lilianza kutoa moshi wa bluu asubuhi ninapoliwasha, na pia ninapokanyaga mafuta baada ya kuteremka kutoka Marangu. Fundi wangu alibadilisha sili za valvu bila kushusha hedi, na moshi umepungua sana, ila tangu siku ile gari halina nguvu. Alizungusha distributa kwa kusikiliza mlio, ikawa afadhali kidogo. Nilipolalamika alileta taa ya taimingi, akanionyesha alama ikiwa kwenye 10, lakini mlima ulikuwa bado unalishinda gari, hivyo akazungusha tena hadi injini 'ikachangamka'. Sasa nikipanda Marangu inagonga kama kokoto ndani ya kopo, na nikiizima ikiwa ya moto kisha nikiwasha, starta inasita kana kwamba betri imekwisha. Fundi wa pili, wa Arusha, alipima kompresheni, akasema silinda zote nne ziko chini, ringi zimekufa, nitafute injini ya mtumba. Wa tatu anasema ni hewa nyepesi ya Arusha, taimingi iongezwe. Nimsikilize nani? Na sili za valvu zina uhusiano gani na taimingi?"

Jibu: Ndugu yangu, pole kwa safari ya gereji tatu. Nadhani kinachokunyima usingizi si ule mlio wa kokoto bali hofu ya kununua injini nzima kwa kosa ambalo huenda lingerekebishwa kwa spana chache na saa kadhaa za utulivu. Hofu hiyo ina msingi, na ningekuomba usinunue injini yoyote kabla hujamaliza kusoma hapa.

Kwa dalili ulizoeleza, na kwa mpangilio ulivyozieleza, ninashuku kwamba mkanda wa taimingi ulirudishwa ukiwa umechelewa kwa jino moja. Fundi wako wa kwanza hakukosea kuhusu sili, kwa sababu moshi umepungua, na hakukudanganya alipokuonyesha alama ikiwa kwenye 10. Tatizo ni kwamba taa ile ilikuwa inajibu swali tofauti na lile ulilokuwa unauliza.

Kiswahili chetu cha gereji kina neno moja, taimingi, kwa mambo mawili, na nusu ya matatizo ninayoletewa huanzia hapo. Taimingi ya kwanza ni ya valvu, yaani uhusiano kati ya krenki inayopandisha na kushusha pistoni, na kemshafti zinazofungua na kufunga valvu. Hii hupangwa na mkanda pamoja na meno ya puli zake, na ikishafungwa haibadiliki mpaka mkanda ufunguliwe tena. Taimingi ya pili ni ya cheche, yaani plagi iwake pistoni ikiwa imefika wapi. Hii ndiyo inayopangwa kwa kuzungusha distributa, kile kifaa kinachogawa umeme wa cheche kwa kila plagi. Fundi anaposema "nimeweka taimingi", muulize kwa upole ni ipi kati ya hizo mbili.

Sasa tazama jinsi zinavyofungamana. Katika injini yako krenki huzunguka mara mbili wakati kemshafti inazunguka mara moja, ndiyo maana puli ya kemshafti ina meno mara mbili ya puli ya krenki. Tuseme puli ya krenki ina meno 20. Mzunguko mzima una nyuzi 360, kwa hiyo jino moja ni nyuzi 18 za krenki. Mkanda ukivaliwa na kosa la jino moja upande wa kuchelewa, valvu zote zitafunguka na kufunga nyuzi 18 baada ya wakati wake. Distributa nayo imechomekwa kwenye ncha ya kemshafti na huzungushwa nayo, kwa hiyo cheche pia itachelewa kwa nyuzi zilezile 18. Injini inakuwa nzito, fundi anaipokea ikiwa hivyo, analegeza bolti za distributa na kuizungusha. Akiizungusha nyuzi 9 tu, cheche inarudi mahali pake, kwa kuwa distributa huenda kwa nusu ya mwendo wa krenki. Akiangaza taa, alama inasoma 10, yaani nyuzi 10 kabla ya pistoni kufika juu, kama kitabu kinavyotaka, na kila mtu anaridhika isipokuwa valvu, ambazo bado zimechelewa nyuzi 18 na hakuna aliyezigusa.

Valvu ya inteki, ile inayoingiza hewa na mafuta, ikichelewa kufunga, pistoni inaanza kupanda ili ibane hewa na mafuta huku mlango ukiwa bado wazi, na sehemu ya kile kilichokwisha kuingia inasukumwa kurudi kwenye manifoldi. Mwendo wa injini ukiwa mdogo hasara hiyo ni kubwa, kwa sababu pistoni ina muda wa kutosha wa kukisukuma nje. Mwendo ukiwa mkubwa hewa inaingia kwa kasi na haiwahi kurudi yote, hivyo hasara hupungua. Bila shaka ukiwa kwenye barabara kuu kati ya Boma Ng'ombe na njia panda ya KIA, gari likiwa limeshachanganya, huoni kasoro kubwa, lakini ukikata Himo kuelekea Marangu, mahali ambapo injini hutakiwa kuvuta kwa mizunguko michache, gari linakuwa kama limefungwa gogo nyuma. Fundi alipoona mlima bado unalishinda, akaongeza cheche kwa sikio kupita ile 10. Injini ikachangamka kweli ikiwa imesimama gereji, kwa sababu cheche ya mapema hupandisha sailensa, yaani mwendo wa injini ukiwa hujakanyaga mafuta, lakini kwenye mlima moto huwaka kabla ya wakati na kuipiga pistoni ikiwa bado inapanda. Hizo ndizo kokoto zako. Na starta inayosita injini ikiwa ya moto ni jambo lilelile: cheche inawahi mno, moto unairudisha pistoni nyuma, na starta inalazimika kupigana nao. Usibadilishe betri.

Umeuliza sili zinahusika vipi. Zenyewe hazihusiki kabisa, kwani ni vikofia vidogo vya mpira vinavyokaa juu ya gaidi ya valvu, ule mrija ambamo shina la valvu hupita, kuzuia oili isiteremke kwenye shina. Kinachohusika ni njia ya kuzifikia. Kwenye injini yako kemshafti mbili zimekaa juu ya tapeti, vile vikombe vinavyosukuma valvu, na springi ziko chini ya tapeti, kwa hiyo hakuna namna ya kutoa sili bila kuvua mkanda na kung'oa kemshafti zote. Tena, kwa kuwa hedi haikushushwa, fundi alihitaji kuzuia valvu zisidondoke ndani ya silinda alipotoa springi. Wengine hupuliza hewa ya kompresa kupitia tundu la plagi, na wengine huingiza kamba laini tunduni, kisha huzungusha krenki hadi pistoni ipande na kuibana kamba dhidi ya valvu. Njia zote mbili ni halali na nimezitumia. Ila kwa njia ya kamba krenki huzungushwa tena na tena, silinda 1 na 4 kwanza, kisha 2 na 3, na mwisho wa siku, jua likiwa limezama na mteja anapiga simu, krenki hurudishwa sifuri kwa kukadiria. Puli ya kemshafti nayo haitulii, kwani springi za valvu huisukuma, na mkono ukiuachia mkanda kidogo tu inaruka. Jino moja hupotea kwa urahisi kuliko unavyodhani.

Mahali pa pili pa kukosea ni gia mbili ndogo zilizo ndani. Mkanda wako huendesha kemshafti moja tu, na hiyo huendesha mwenzake kwa gia. Juu ya kila gia kuna alama za aina mbili: moja ni ya kufungia, nyingine ni ya kuonyesha pistoni namba 1 iko juu kabisa. Kitabu cha Toyota kinaonya wazi kwamba alama ya pili isitumike wakati wa kufunga. Naandika haya kwa uchungu kidogo, maana niliwahi kuyafanya mwenyewe. Nilifunga kwa alama isiyo yake, nikaweka kifuniko, gasketi mpya, silikoni safi kwenye kona, na gari likarudi kwangu siku ya pili likivutwa kwa kamba. Nilikuwa nimetazama mkanda mara tatu, na mkanda ulikuwa sawa mara zote tatu. Tangu siku hiyo kifuniko cha valvu kwangu hakirudi kabla sijamulika gia kwa tochi.

Mahali pa tatu ni shimu, zile sahani ndogo za chuma juu ya tapeti. Kila shimu ina unene wake na imechaguliwa kwa ajili ya valvu yake. Fundi akizimwaga zote kwenye sahani moja ya mafuta ya taa ili azioshe, kisha akazirudisha kwa kubahatisha, valvu nyingine zitabana na nyingine zitagonga. Injini ikiwa baridi, nafasi ya inteki kwenye familia hii ya injini inatakiwa iwe kati ya milimita 0.15 na 0.25, na ya eksozi iwe kubwa zaidi kwa sababu valvu zake hupata moto mkali na kurefuka. Kosa la shimu huonekana zaidi kama misi, yaani kukosa kuwaka vizuri, kwenye silinda moja au mbili, si udhaifu wa injini nzima kama wako, lakini maadamu kifuniko kitafunguliwa, geji ya majani ipitishwe pia.

Nije kwa fundi wa pili. Kipimo chake huenda kilikuwa sahihi, lakini tafsiri ndiyo inayonitia shaka. Nimekwisha kusema kwamba valvu ya inteki ikichelewa kufunga, hewa inarudi nje kabla haijabanwa. Basi ukipima kompresheni katika hali hiyo, silinda zote nne zitasoma chini, tena kwa kiasi kinachokaribiana, hata kama ringi ni mpya. Ringi zilizochoka mara chache huchoka sawasawa kwa silinda zote nne, na aghalabu moja au mbili huwa mbaya kuliko wenzake. Kuna kipimo rahisi cha kutenganisha mambo haya, nacho ni kumwaga oili kijiko kimoja kupitia tundu la plagi na kupima tena. Ikiwa ringi ndizo zinazovujisha, oili huziba kwa muda na kipimo hupanda kwa wazi. Ikiwa ni mkanda, kipimo hakitapanda kwa kiasi kama hicho. Halafu kuna ushahidi wa moshi wako mwenyewe. Ulikuwa unatoka asubuhi, na baada ya kuteremka mlima ukiwa umeachia mafuta, wakati mvuto ndani ya manifoldi ni mkubwa na unanyonya oili kupitia kwenye gaidi. Hiyo ni tabia ya sili. Moshi wa ringi hutoka zaidi injini inapobeba mzigo, yaani wakati wa kupanda.

Fundi wa tatu anasema jambo lenye punje ya ukweli ndani yake. Arusha iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa huko ni pungufu kwa karibu asilimia 15 ukilinganisha na Dar es Salaam, kwa hiyo injini isiyo na tabo hupoteza nguvu kiasi kama hicho, na kompresheni nayo husoma chini kidogo kuliko namba za kitabu. Lakini gari lako ni la Moshi, ambako ni chini zaidi, na lilikuwa linapanda Marangu vizuri kabla ya sili. Mlima haukuongezeka urefu wiki ile. Zaidi ya hayo, injini yako ina kompyuta na kihisi kinachopima kanieneo ndani ya manifoldi, na kompyuta yenyewe hurekebisha cheche kwa kila hali. Zama za kuongeza taimingi kwa kupanda milima zilikuwa za magari ya kabureta na platini. Kwako msingi ni nyuzi 10 kabla ya pistoni kufika juu, Moshi, Arusha au Tanga.

Kuna uchunguzi mmoja ambao unaweza kuufanya leo bila kufungua chochote. Fungua boneti, tazama distributa upande usio na mikanda, na uangalie zile bolti zinazoishika. Kila moja hupita kwenye tundu lililorefushwa ili distributa iweze kuzunguka kidogo. Injini ikiwa imefungwa sawasawa, bolti hukaa karibu na katikati ya tundu hilo. Ukiiona imefika mwisho kabisa, imegota ukingoni, una ushahidi mzito kwamba kuna aliyejaribu kufidia jino la mkanda kwa distributa. Piga picha kabla mtu mwingine hajaizungusha.

Kazi yenyewe ya kusahihisha inakwenda hivi, na ninakueleza ili uweze kusimama pale ukijua unachotazama. Plagi zote zitolewe ili injini izunguke kwa wepesi. Kifuniko cha valvu na kifuniko cha juu cha mkanda vifunguliwe. Krenki izungushwe kwa spana kwenye bolti yake, kwa kufuata mwelekeo wa saa ukiitazama kutoka upande wa puli (Honda nyingi za zamani huzunguka kinyume, ndiyo maana nataja), hadi mfereji mdogo wa puli ulingane na 0. Ukipitiliza usirudi nyuma, zungusha upya, kwa sababu kurudi nyuma huacha mkanda ukiwa umelegea upande usiotakiwa. Kisha tazama puli ya kemshafti. Ina tundu dogo, na ukichungulia kupitia humo unatakiwa uone alama iliyochorwa kwenye kifuniko cha bearingi nyuma yake. Shika tapeti za silinda namba 1 kwa vidole. Zote zinapaswa kuwa na ulegevu ule mdogo wa nafasi ya valvu. Zikiwa zimebana, pistoni iko juu kweli, lakini iko kwenye mzunguko wa kutoa moshi, na unapaswa kuzungusha krenki duara moja zaidi.

Alama hapa huwa inalingana au imekosea kwa jino zima, kwani hakuna nusu jino. Fundi akikuambia "imekosea nusu", basi ama krenki haijafika sifuri sawasawa, ama mkanda umelegea upande wa kuvuta. Kulegea kote kunatakiwa kuwe upande wa tenshena peke yake. Kuna na hila moja ya magari yaliyozeeka: puli ya nje ya krenki ina mpira katikati ya vyuma viwili, na mpira huo ukichoka, duara la nje huteleza na alama yake husema uongo. Hakikisha kwa kuingiza mrija au bisibisi ndefu taratibu kwenye tundu la plagi namba 1 na kuhisi pistoni inapofika juu kabisa. Ikiwa mrija na alama havikubaliani, mwamini mrija, kisha puli ya nje itolewe na itumike alama ya puli ya ndani, ile ya meno.

Ikithibitika kuwa jino limepotea, tenshena hulegezwa, mkanda huvuliwa kwenye puli ya juu, na kemshafti hugeuzwa kwa spana kwenye sehemu yake ya pembe sita hadi tundu na alama vilingane. Mkanda hurudishwa, tenshena huachiwa springi yake iuvute, kisha krenki huzungushwa kwa mkono duara mbili kamili na alama hutazamwa upya kabla ya kukaza. Duara hizo mbili ndizo zinazorukwa mara nyingi kuliko kitu kingine chochote katika kazi hii, nazo hazichukui hata dakika tano. Mafundi wengi hupaka tipeksi kwenye mkanda na puli kabla ya kuvua, ili warudishe kama walivyokuta. Ni desturi nzuri, ila kumbuka kwamba tipeksi inanakili kilichokuwepo. Kama mkanda ulikuwa umekosewa tangu zamani, nawe utakosea vilevile, kwa unadhifu zaidi. Na kama hujui umri wa mkanda uliopo, nunua mpya sasa hivi pamoja na bearingi ya tenshena, maana gharama kubwa ya kazi hii ni kufungua, na unafungua tayari.

Baada ya hapo tu ndipo distributa iguswe. Irudishwe katikati ya tundu lake, injini iwashwe hadi ipate moto wa kawaida na feni iwake na kuzima, kisha taa ya taimingi ifungwe kwenye waya wa plagi namba 1, ambayo ni ile ya upande wa mikanda. Kabla ya kuangaza, kile kiboksi kidogo cha uchunguzi kilicho chini ya boneti kifunguliwe na tundu la TE1 liunganishwe na E1 kwa kipande cha waya. Majina yameandikwa ndani ya kifuniko chake, na usikosee ukagusa tundu la umeme wa betri. Waya huo huiambia kompyuta iache kurekebisha cheche ili uone msingi wenyewe. Bila waya unasoma msingi pamoja na marekebisho ya kompyuta, na namba utakayoipata haina maana. Sina hakika kama fundi wako aliuweka siku ile, hivyo muulize. Utajua kompyuta imekubali kwa taa ya injini kwenye dashibodi, ambayo itapepesa. Ikipepesa kwa mdundo usiobadilika, hakuna hitilafu iliyohifadhiwa. Alama ikisoma 10, bolti zikazwe na alama isomwe tena, kwa sababu distributa hupenda kuhama wakati wa kukaza, kisha waya utolewe.

Mwenye geji ya vakyumu anaweza kupata uthibitisho mwingine. Injini isiyo na kasoro ikiwa kwenye sailensa, usawa wa bahari, huvuta kati ya inchi 17 na 22 za zebaki. Kwa Arusha toa kama 4 au 5, kwa hiyo fundi wa huko akipata 15 asikutishe. Mkanda uliochelewa huonyesha sindano iliyotulia lakini iko chini kuliko hapo.

Kuhusu nani afanye kazi hii, ningeanza kwa kurudi kwa fundi wa kwanza. Alifanya sehemu ngumu vizuri, sili zimeshika, na anajua alichogusa. Mwambie, "Fundi, naomba tufungue kifuniko cha juu tutazame alama ya kemshafti pamoja, krenki ikiwa sifuri." Fundi mzuri hataona umemdharau, na akikataa kufungua, hapo umepata sababu ya kwenda kwingine. Kwa anayeamua kwenda kwingine, Moshi na Arusha zote zina vyuo vya VETA, na mafundi waliopita huko kwa kawaida hawashangai ukiwaomba wafuate alama badala ya sikio. Injini ya mtumba iwekwe pembeni kabisa kwa sasa. Nayo itakuja na sili zenye umri usioujua na mkanda wenye umri usioujua, na utarudi hapahapa.

Kujaribu mwenyewe nyumbani kunawezekana kwa mwenye mkono mtulivu, kwa kuwa injini yako huhesabiwa miongoni mwa zile ambazo valvu hazifiki kukutana na pistoni mkanda ukikosewa. Lakini usimpe ushauri huu jirani yako mwenye gari jingine. IST na ndugu zake wa injini ya 1NZ hutumia mnyororo na hawana distributa ya kuzungusha, na mnyororo ukikosewa valvu hupinda. Land Cruiser za utalii zenye 1HZ ni dizeli, zinapangwa pamoja na pampu, na humo valvu na pistoni zikigongana kazi inakuwa ya kushusha hedi. Hata kwako, simamisha kila kitu umwite mtu mwenye uzoefu ikiwa krenki inagoma mahali fulani unapoizungusha kwa mkono, ikiwa silinda moja peke yake inasoma kompresheni ya chini baada ya mkanda kusahihishwa, au ikiwa unasikia mlio wa chuma kutoka juu ya injini badala ya zile kokoto. Mpaka kazi ifanyike, usipande Marangu na gari hilo. Kwenda sokoni litakufikisha, lakini kugonga kwa muda mrefu chini ya mzigo huvunja kingo za pistoni zinazoshika ringi, na hapo fundi wa pili atakuwa amepata haki baada ya kukosea.

Mwisho, ule moshi kidogo uliobaki. Usiuhukumu wiki ya kwanza, kwa sababu bomba la moshi bado lina oili ya zamani inayoendelea kuungua. Taimingi ikishakaa sawa, endesha wiki mbili hivi, kisha fanya jaribio lilelile lililokuonyesha tatizo mwanzoni: teremka kutoka Marangu ukiwa umeachia mafuta na gia imeshika, na ukifika tambarare ya Himo kanyaga ukitazama kioo. Kisipotoka kitu, sili zinafanya kazi. Likitoka wingu la bluu hata hapo, gaidi zenyewe zimelika na shina la valvu linacheza ndani yake, na hakuna sili itakayodumu juu ya gaidi ya namna hiyo. Hiyo ni kazi ya kushusha hedi na kuipeleka kwa wachonga vyuma.